Picha ya Nne

Jemutai, nimeaibika leo hadi sijui nitapita town aje tena.

Unajua ile kompyuta ya Mahesh ya 1985, yenye rangi kumi na sita tu? Anataka picha ya mamake itokee kwa hiyo skrini siku mama akifikisha miaka sabini. Mimi, mtaalamu mkubwa wa Njoro, nikajitolea kulinganisha programu tatu za kubadilisha picha iingie kwa hizo rangi kumi na sita.

Nikaprint matokeo, Mahesh akayapanga kwa meza. Mamake mwenyewe, Mama Bhagwanti, ameketi hapo ananimiminia chai.

Nikaanza lecture. Ya kwanza imemfanya kijani. Ya pili imemjaza madoa kama ya tetekuwanga. Ya tatu iko sawa, imepoteza masikio tu.

Halafu nikashika ya nne. Ya nne, Jemutai. Na programu ni tatu. Eti mimi ndiye nimesoma.

Nikasema, "Hii sasa ndiyo mbaya kabisa. Imemzeesha, na imetoa hii pua wapi?"

Mahesh akaniambia, "Boss, hiyo ndiyo picha yenyewe."

Nikanywa chai ikiwa moto hivyo hivyo.

Mama akaichukua, akaiangalia, akaniongezea chai.

"Basi wekeni ile ya kijani."