Mtihani Mnaoniombea

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, na goti limetulia tangu uanze ile dawa ya kuchua. Sisi huku wazima, ila mimi nina wahka: nikikaa nataka kusimama, nikisimama sijui niende wapi.

Najua hukupenda niliposema nataka kuacha uuguzi baada ya miaka kumi na minne, nifanye mtihani wa leseni ya kuendesha kreni. Ulinijibu kwamba chuma hakisemi asante. Neno hilo nimekuwa nalo wodini, hata nikiwa nafunga watu vidonda.

Lakini nimesoma kwelikweli. Kabla ya zamu nilikuwa napitia uwanjani kwa mwalimu wetu, tunayemwita Mzee Polepole kwa kuwa hana neno jingine kinywani. Anajaza pipa maji hadi ukingoni, nawe ulinyanyue kwa kreni, ulizungushe, ulitue bila kumwaga tone. Siku ya kwanza nilimlowanisha kuanzia kofia hadi soksi. Akajikamua shati, akasema, "Polepole, sista. Kesho nitakuja na mwavuli."

Nyumbani mume wangu amegeuka mtahini. Kila asubuhi chai ikiwa mezani, anasimama na mwiko, ananyoosha mkono, anakunja ngumi, ananiuliza ishara hiyo ina maana gani kwa mwendesha kreni. Huyu ndiye aliyecheka hadi akapaliwa nilipomweleza mara ya kwanza! Sasa ishara anazijua kuliko wenzangu wa darasani, na jirani anayetuona dirishani anadhani tunagombana.

Sasa Mama, nikwambie lililonifanya nishike kalamu. Huo mtihani mnaoniombea nimeshaufanya. Nimefaulu, wiki ya tatu hii. Leseni nimeificha kabatini chini ya mashuka. Niliposema tarehe imeahirishwa nilidanganya. Nilimdanganya mume wangu, nikakudanganya na wewe kwenye simu.

Sikuwa naogopa kufeli. Nilipokuwa nasoma, nilikuwa muuguzi anayejaribu jambo, na kila mtu aliniambia kaza moyo. Nilipofaulu nikabaki sina kisingizio. Wodini nawaonea wagonjwa aibu, na nikipita karibu na uwanja namwonea mwalimu aibu. Leo asubuhi mume wangu alipokunja ngumi, nilijibu vibaya kwa makusudi. Alifurahi mno kunirekebisha. Nikaiacha chai mezani.

Nikatoka hapo moja kwa moja hadi kwa matroni, nikampa barua ya kuacha kazi. Aliisoma mara mbili, akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia sina. Akaigonga barua muhuri.

Jioni hii mume wangu akirudi nitamwekea leseni mezani, anikasirikie atakavyo. Nawe nikasirikie, Mama, ila usiache kunijibu. Msalimie mama mdogo na wote wanaoulizia mtihani wangu. Waambie nimefaulu.

Ni mimi bintiyo,
muuguzi hadi mwisho wa mwezi