Gari la Namba A

Jumanne, baada ya isha

Wamelichukua gari la marehemu mume wangu. Nilisimama nyuma ya pazia tu. Bado nipo edani, sikuweza kutoka nizungumze na mnunuzi.

Jana nilimwomba mwanangu Hamadi asubiri eda iishe ndipo aliuze. Akanijibu kwa upole, "Mama, hilo kibao chake ni namba A, la zamani mno. Nikiliegesha Ngamiani wataniuliza nimelitoa makumbusho gani."

Yeye amenunua la namba E, analiita jipya. Jipya gani? Limeshatumika Japani, na likiwashwa bado linasalimia Kijapani. Nilipomwambia hivyo alicheka. "Watu wanaangalia namba, mama, hawaangalii lilikotoka."

Pesa ni yake. Lakini naogopa nikitoka edani sitakuta kitu cha baba yake hata kimoja.

Lile la marehemu lilikuwa gumu kuwaka. Kila asubuhi alilipapasa usukani akilibembeleza, "Haya bibi, amka twende Kigombe." Nami jikoni nilikuwa nacheka peke yangu. Kiti alikisogeza nyuma kwa sababu ya miguu yake mirefu, na tangu tumzike hakuna aliyekigusa.

Mnunuzi ni mtu mfupi. Nilisikia chuma kikilia alipokivuta kiti mbele.

Nikajiambia, hata hivyo halitawaka. Hajui kulibembeleza. Watalisukuma, watachoka, watalirudisha uani. Nikashika pazia, nikangoja.

Limewaka mara moja.