Gari Lililogoma Mlangoni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti halikusumbui kwenye ngazi za nyumba ya dada. Mjukuu wako hajambo? Dada ameniambia analia kwa sauti ya king'ora. Basi huyo ni wetu, msimtafutie kazi nyingine. Mimi huku sijambo. Nyumba naifagia na maua yako nayamwagilia, isipokuwa lile la kwenye kopo la bluu, ambalo tumeshaagana nalo. Mengine ningekupigia simu, lakini ungenikatiza kabla sijafika nusu, nami nataka unisikilize hadi mwisho.

Mama, lile gari limekuja! Baba aliliomba mpaka akastaafu, akalingoja mpaka akatutoka, na sasa serikali kuu imetuletea: gari jipya la zimamoto, jekundu la kung'aa, lina ngazi inayojirefusha yenyewe, na juu yake kijukwaa chenye vyuma pembeni cha kusimama watu. Tumepewa na makoti mapya, na mwalimu wa kutufundisha kuyatumia yote. Nilipolishika nilitamani Baba angekuwepo, hata dakika moja tu.

Na tulijiandaa, usije ukasema hatukujiandaa. Tulipaka banda chokaa, tukasugua sakafu, tukapima urefu na upana wake, meya akaleta viti. Vigelegele vikapigwa. Mzee Breki, dereva wetu, akaanza kuliingiza taratibu, na siku hiyo, kinyume kabisa na jina lake, akachelewa kufunga breki. Taa ya juu ikagonga ukuta ulio juu ya mlango, ikapasuka mbele ya wageni wote. Banda lilijengwa kwa kimo cha Bibi, lile gari letu la zamani, na siku zote tulikuwa tunapima chini. Hakuna aliyeinua macho, hata mimi mkuu wa kikosi.

Afisa wa serikali kuu hakucheka. Alinieleza kwa upole kwamba mapatano yao na manispaa yako wazi: wao wanatoa gari, vifaa na mafunzo, mji unatoa banda, maji na watu. Gari likishinda juani mipira ya maji inapasuka, likilala nje vifaa vinaota miguu. Akasema atarudi mwisho wa mwezi, na akilikuta nje atalihamishia mji mwingine wenye banda tayari. Meya akashauri tuiombe serikali itujengee na banda. Mzee Breki akamwambia kwamba aliyepewa ng'ombe haoni haya kuomba zizi, lakini ng'ombe ataliwa na fisi huku mwenyewe anasubiri jibu.

Dawa ilikuwa moja, tena wote waliijua: kuvunja ukuta wa juu ya mlango na kuuinua. Lakini pale ndipo yalipo yale maandishi mekundu, ZIMAMOTO: TUNAKUJA, kazi ya mkono wa Baba. Nilijifunza kusoma kwa herufi zile, nikiwa mabegani kwake. Wapita njia wakisimama kuzisifu, Baba alikuwa anakohoa na kuanza habari za mipira ya maji, nami nikisema moyoni, baba yangu hana makuu. Tangu afariki, kila asubuhi nikifika kazini naziangalia kwanza, ndiyo salamu yangu kwake. Kwa hiyo nilipiga danadana. Leo nina homa, kesho nyundo haionekani.

Kisha moto ukazuka ghorofani kwa fundi wako wa nguo. Pasi ilisahauliwa juu ya kitambaa. Ngazi ya jengo ilijaa moshi, naye yuko dirishani anaita. Maji ya Bibi unayajua, yakifika dirisha la chini yameshachoka. Gari jipya lilikuwa uani, tukalitoa, nikapanda kwenye kijukwaa chake, nikamshusha akiwa amekumbatia gauni lako, ananigombeza nisilikunje. Usiwe na wasiwasi, ni mzima. Alikohoa kidogo, sasa ameshaanza tena kusengenya. Lakini nilipokuwa naosha masizi nikajiuliza, je, angekuwa dirishani mwezi ujao, gari likiwa limeshahamishwa? Jioni ile nyundo ikaonekana.

Mama, kama umesimama, kaa. Ukuta ule nimeuvunja. Nyundo niliishika mwenyewe, sikutaka mtu mwingine auguse mkono wa Baba. Herufi ya kwanza ilipoanguka nikaangua kilio mbele ya kikosi kizima, wala sikujificha. Mzee Breki akaninyang'anya nyundo, akanikalisha kivulini, akaniambia ninyamaze, maana ninamlilia asiye mwenye kazi. Akasema siku herufi zile zilipoandikwa yeye ndiye aliyeshika kopo la rangi, na Baba alishika ngazi. Aliyepanda juu na brashi ni wewe, una mimba yangu, na Baba yuko chini anakusihi ushuke. Mstari ulionyooka ulikuwa adui yake tangu shule. Ukawaapisha wote wawili wanyamaze, ili vijana wamheshimu mkuu wao mpya. Kumbe ndiyo sababu alikuwa anakohoa!

Miaka yote hiyo nilidhani namwamkia Baba, kumbe ulikuwa mkono wako. Nawe ulinisikia nikizisifu herufi zile mezani, ukawa unaniongeza mchuzi tu. Nakupenda, Mama. Na nimekukasirikia kidogo, ukija utanituliza.

Afisa amerudi, amelikuta gari ndani, tena limejinafasi. Ukuta umeinuliwa, umepigwa lipu na chokaa, na juu ya mlango ni peupe. Meya alituletea fundi wa mabango. Nikamshukuru, nikamwambia kazi hii ina mwenyewe, yuko safarini kumlea mjukuu.

Usiniambie habari za goti. Serikali imetupa ngazi inayojiinua, wewe utasimama tu. Rangi nyekundu nimeshanunua.

Msalimie sana dada na shemeji, na umbusu king'ora wetu mdogo. Mzee Breki anakuamkia, anasema kopo la rangi bado ni lake. Ngazi, safari hii, nitaishika mimi.

Ni mimi mwanao,
Kitindamimba wako