Kipande cha Mfupa

Mercy, nimetoka ICU sasa hivi. Joash wetu amepasuliwa kichwa.

Jumatatu alianguka kwenye mjengo huko Hurlingham. Akarudi nyumbani Jamhuri kwa miguu yake, akamwambia mkewe, Rael, kichwa kinauma kidogo tu. Rael akampa Panadol, akamwacha alale. Leo asubuhi ameamka aende kazi, akatapika mlangoni na gambuti zake za mpira mguuni. Akaanza kumwita Rael jina la mama yake. Hebu fikiria Mercy, mke wake mwenyewe.

Daktari amesema ubongo umevimba, na ndani ya fuvu hauna pa kuvimbia. Walimwekea dawa ya mshipa ya kuvuta maji, wakamwinua kichwa kitandani. Haikutosha. Ndiyo wakatoa mfupa.

Wametoa kipande cha mfupa wa kichwa, Mercy. Rael akauliza, "Hiyo mfupa mtarudisha lini?"

"Uvimbe ukishuka," daktari akasema.

Rael akanyoosha mkono amshike kichwa, vile huwa anamshika. Nesi akamzuia.

"Upande huo hauna mfupa, mama. Usiguse."

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Kaa tu hapo."

Amekaa. Nimemwacha na gambuti za Joash mapajani, anazibandua simiti kwa kucha.