Mayungiyungi ya Mtaro wa Mashariki

Jumatatu, 1 Julai

Sikukuu ya Kanada. Wenzangu wamekwenda kuchoma soseji, mimi nimekwenda kuhesabu maua. Mtaro wa mashariki wa barabara ya kanisani, saa tatu kamili asubuhi, kama kila mwaka. Mayungiyungi mekundu: kumi na moja. Mwaka jana ishirini na sita. Mwaka wa kwanza mia mbili na kumi na mawili — nilihesabu mara mbili kwa furaha.

Yanakwisha.

Jumanne ya wiki ijayo baraza la wilaya linapiga kura. Lile katazo la kukata nyasi katika mtaro huu, nililolipigania mimi, linafikisha miaka kumi. Nimeomba mingine kumi. Barua ya kurasa nne, na jedwali. Miaka thelathini na mmoja posta haikwenda bure.

Jumatano, 3 Julai

Nimepiga simu ofisi ya mimea ya jimbo, mjini Regina. Nilitaka ua letu liandikwe "hatarini kutoweka" kabla ya kura. Binti aliyepokea ana adabu. Kulichuma ni kosa kisheria, akasema, kwa kuwa ni ua la jimbo. Lakini limeenea karibu nusu ya bara, na kwetu hadhi yake ni "salama". Ng'ambo ya mpaka kuna majimbo ambako liko hatarini kweli. Hapa, hapana.

Nikamwambia: mwanangu, takwimu zangu za miaka kumi zinasema vingine.

Akauliza: "Mama, umehesabu mitaro mingapi?"

Mmoja.

"Na upande wa pili wa barabara?"

Nikamweleza kwamba utaratibu ni utaratibu. Ukihamahama, hesabu inaharibika. Akakubali. Kwa upole mno. Nimekasirika hadi nikaunguza vitunguu vya kumwagia perohi, sambusa zetu za viazi za kuchemsha.

Jumamosi, 6 Julai

Nimevuka barabara. Hatua kumi na nne. Miaka kumi sikuwahi kuzipiga.

Mtaro wa magharibi: niliacha kuhesabu nilipofika mia tatu na arobaini. Yamesimama mekundu mpaka kwenye uzio wa Metro.

Metro ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu Walter, na ndiye dereva wa trekta la wilaya la kukatia nyasi. Miaka kumi namwita muuaji, hata mezani, hata Krismasi. Akanikuta pale nimeduwaa.

"Shemeji, umepotea? Huku ni kwa muuaji."

Nikamuuliza huku anafanyaje. Akasema hana siri: hukata mara moja tu, mwishoni mwa Septemba, mbegu zikishadondoka. Vichaka havipati nafasi.

"Na kule kwako je?" Akaonyesha kwa kidevu.

Nikatazama. Vichaka vya mierebi vimenipita kimo. Maua yangu kumi na moja yako chini yake, yamenyoosha shingo kutafuta jua. Miaka yote nimeyahesabu kwa kupenya matawini, na sikujiuliza kivuli kimetoka wapi.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia. Mwaka wa tatu. Ukaandika gazetini kwamba madereva wawaachie sayansi wanaoisoma."

Nakala ninayo. Imo kwenye faili, nimeiwekea na tarehe.

Jumapili, 7 Julai

Mahubiri sikuyasikia. Nimeandika barua ya kuondoa ombi langu, nimeichana. Nimeandika nyingine: "kutokana na hali kubadilika". Hali haikubadilika yenyewe, niliibadilisha mimi. Nimeichana nayo.

Jumanne, 9 Julai

Naandika nikiwa chooni, ukumbi wa baraza, saa nane na dakika arobaini. Kalamu nimeleta. Ujasiri nimesahau nyumbani.

Nilikuwa nimepanga. Verna, mwenyekiti, akitaja jina langu, nasimama: ondoeni katazo, Metro akate Septemba. Sentensi mbili. Nimezikariri njia nzima garini.

Akataja jina langu. Sijainuka, watu wakapiga makofi. Akasoma barua yangu yote, kurasa nne, jedwali pia. Akasema laiti kila wilaya ingekuwa na Stefania wake. Kisha kahawa kwanza, kura baadaye — mlango wa jikoni ukafunguka, ikaja keki. Juu yake yungiyungi la sukari nyekundu. "Kwa mlinzi wetu."

Nikasema asante. Basi. Asante!

Verna akaninong'oneza nisiwe na wasiwasi, wajumbe wote sita watainua mikono.

Miaka kumi mingine. Yale maua hayana miwili.

Nikasema naenda kunawa mikono.

Metro amegonga mlango. "Shemeji, umo?"

Nimo.

"Wanakungoja ukate keki. Wakishakula wanapiga kura." Kisha, kwa sauti ya chini: "Ama niseme mimi?"

Nikamwambia asithubutu. Kosa ni langu, nitalisema kwa mdomo wangu, natoka sasa hivi.

Hayo nimeyasema dakika sita zilizopita. Viatu vyake bado naviona chini ya mlango.