Farasi Yenye Kulala Siku ya Mazoezi

Bunia, Nyakasanza, tarehe 9 mwezi wa saba 2009

Kwa Yaya wangu, dada yangu mukubwa Bibiane, kule Ariwara,

Salamu nyingi zikukute na nguvu, weye na shemeji na watoto, na zaidi mama. Natumaini mugongo wake umepoa kidogo na kwamba anakula. Siye huku tuko wazima. Mvua imekatika, vumbi inatuingilia mupaka mu sahani. Watu wanalala nyumbani kwao, lakini hakuna mwenye anasema kwa sauti kama amani imefika. Tunaishi tu. Barua yako nilipata kwa mukono wa dereva wa camion, na sabuni pia, aksanti sana.

Uliniuliza mambo mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kunicheka: ni kweli miye, na akili zangu zote, napanda farasi mbele ya watu, na farasi yenyewe iko ya kwanza kwa uvivu mu Bunia muzima, na bado inashinda? Ya pili ni ya mama. Ulisema kila mangaribi anamuwekea baba sahani yake, na anakataa kukaa chini kwa matanga, juu hakuna mutu hata mumoja alisimama mbele yake na kumuambia kwamba aliona baba akizikwa. Ulisema kungojea huko kunamumaliza, na ukaniuliza tufanye nini. Nitajibu yote mbili. Vumilia nianze na farasi.

Mwenyewe ni Katsuva, commerçant, muuzaji wa mabati pale barabara ya Lumumba, mutu wa Butembo, kelele nyingi na roho muzuri. Aliiona kwa wauzaji wa ngombe akaipenda tu. Kazi ya kuichunga alinipa juu nilimuambia baba yangu alichungaka farasi. Jina aliipa yeye: Directeur, kwa sababu inafika kazini kwa kuchelewa, inaangalia wengine wakitumika, kisha inarudi kula.

Yaya, hautaamini uvivu wa ile nyama! Asubuhi tunashuka kwa kiwanja, farasi ingine zinaruka, Directeur inatembea sawa muzee mwenye kutoka misa. Jérôme, mwenye kufundisha farasi zote za pale, aliipiga fimbo. Ikasimama, ikamuangalia. Akaipiga tena. Ikalala chini, na miye bado niko juu yake. Watu walicheka mupaka wakashika tumbo. Jérôme akasema hii si farasi, hii ni kiti, na Katsuva aipeleke kwa muchinjaji mbele nyama yake haijakuwa ngumu.

Kisha ikafika Pasaka, na commerçants wenye farasi wakapanga mashindano. Watu wakajaa, ngoma, filimbi, vijana wakipiga kelele. Directeur ikalaza masikio nyuma. Sikuipiga, sikuiambia hata neno. Ikatoka! Wengine niliwasikia nyuma yetu, kisha sikuwasikia tena. Katsuva akanikumbatia, akasema kumbe Directeur anajua siku ya mushahara. Kila mutu akawa na maelezo yake: iko na akili, inachunga nguvu yake, haipende kazi bila watazamaji. Jérôme naye akaanza kuambia watu kama ni yeye aliifundisha. Wapi!

Waliniuliza furaha ya kule juu iko namna gani. Nikasema iko kubwa. Uongo, Yaya. Tangu vita sisikie kitu. Chumvi na sukari iko moja tu mu kinywa yangu. Natumika, nakula, nalala, na watu wananiita shujaa juu siogope. Sina hata ile ya kuogopa.

Lakini kitu kimoja niliona. Farasi zenye kushindwa zilirudi zikakula majani yao. Directeur, yenye kushinda, ilisimama mu kona ikitetemeka, jasho inamwangika, na haikugusa kitu mupaka kesho yake. Nilipoiweka mukono kwa shingo ikatulia. Sikuambia mutu.

Tarehe 30 ya mwezi wa sita, sikukuu ya uhuru, watu walikuwa mingi zaidi, na vijana wakawasha pétards, zile baruti za sikukuu zenye kupasuka. Directeur ikatoka, ikashinda, na haikusimama. Ilipita watu, ikaingia barabara. Kamba ilikuwa mu mukono yangu. Niliweza kuvuta. Sikuvuta. Sijue kwa nini, sikuona sababu ya kuvuta. Pale kwa barrière yenye inafunga barabara, musoda mumoja aliinua bunduki, mwenzake akamushusha mukono, akicheka. Tukashika barabara ya Katoto. Ilipochoka ikaanza kutembea, ikapanda vilima bila kuuliza mutu njia. Ilipoacha barabara na kuingia kati ya mikalitusi, ndipo nilijua tunaenda wapi. Ilikuwa inanipeleka kwetu, Yaya, kwa ferme, lile shamba lenye siye tulizaliwa.

Nyumba haina tena mabati. Directeur haikuiangalia. Ilizunguka nyuma ya zizi, mupaka kwa lile jiwe lenye baba aliwekaka chumvi ya farasi, ikainamisha kichwa. Kulikuwa mama mumoja akilima maharagi. Unamukumbuka Mama Émilienne, bibi ya seremala, mwenye alikusukaka nywele? Ni yeye. Amerudi. Aliangalia farasi mbele ya kuniangalia miye, akaacha jembe ianguke. Akasema hii ndiyo ile mutoto ya farasi yenye ilikataa kwenda.

Unakumbuka namna baba alifundishaka farasi zake. Kila asubuhi kutembea tu, pole pole, mukono kwa shingo, na weye nyuma umeshika mukia. Hakuna mwenye alikuwa na ruhusa ya kuzikimbiza, hata patron mwenyewe, mwenye ferme. Fimbo hakushikaka. Alisemaka kukimbia ni kwa siku ya hatari, siku ingine yote farasi itembee.

Mama Émilienne alinielezea. Ile siku ya vita, kelele na filimbi za wenye kutushambulia zilishuka kwa kilima. Wafanyakazi wote walikimbia, siye na mama pia. Baba alifungua zizi, akatoa farasi moja moja. Ya mwisho, hii ndogo, ilikataa, ikamusukumia kichwa kwa kifua. Basi baba alivua mukaba wake akaipiga, akaipiga kwa uso, akiiomba iende, iende, mupaka ikakimbia. Mama Émilienne aliona yote kutoka mu mihindi. Kisha wakamufikia baba.

Walipokwenda, yeye na bwana yake walimufunga baba mu kitenge ya ndoa ya huyu mama, wakamuzika kando ya jiwe la chumvi, wakasali. Alisema aliona na macho yake, na alimulaza na mikono yake.

Sasa unajua, Yaya. Directeur haikushindaka mutu. Ikisikia kelele za watu, inatii baba. Siku ingine yote inatembea, vile baba aliifundisha.

Baba amekufa. Nimeandika hiyo neno na mukono yangu haitetemeke, na hiyo ndiyo inanisumbua. Sikulia. Nilikaa chini kwa lile jiwe, Directeur ikalala kando yangu, Mama Émilienne akaendelea kulia kwa ajili yetu wawili.

Kesho yake Katsuva alifika na moto, matusi yote iko tayari mu kinywa. Mama Émilienne akamuelezea. Alivua kofia, akauliza kaburi ni wapi, akabaki pale bila kelele, na unajua namna nilikuambia ule mutu iko. Akasema Directeur haitakimbia tena mbele ya watu, na ibaki kule kwa ferme.

Basi jibu la pili: mupatie mama habari, weye mwenye unajua namna ya kusema naye. Mama Émilienne atasimama mbele yake na kumuambia yote. Mumulete mwezi wa nane, mbele mvua hairudi. Kwa sasa barabara inapitika, ya kesho hatujue. Akae chini pale kwa jiwe, afanye matanga yake, na ile sahani ipumzike.

Lakini nakuomba jambo moja. Najua wamama wa kwetu namna wanalia, mupaka kilima ya pili inasikia. Uwaambie tangu mu njia, walie pole pole. Directeur itakuwa pale, na sipende ipigwe tena na ile siku. Miye nitasimama nayo, mukono kwa shingo. Kama hakuna kelele, pengine miye pia nitaweza kulia.

Sahani ya baba musiivunje, muje nayo. Wasalimu watoto wote, na shemeji, na mumuambie mama namungojea. Mungu awasindikize mu njia.

Miye mudogo wako,
Rodrigue