Wanafunzi Kumi na Mmoja, Mjomba Mmoja

Shangazi mpendwa, nimeichana barua hii mara tatu, na hii ya nne nimeamua kuituma hata kama haijakaa sawa, kwa hiyo nivumilie, maana nyumbani siwezi kulisema jambo hili na shuleni ndiyo kabisa.

Nina miaka kumi na minane na nilimaliza sekondari mwaka jana. Kifaransa nilipata alama ya juu kuliko wote shuleni kwetu, na tangu hapo mama ananitambulisha kwa kila mgeni kama "huyu wangu wa Kifaransa", nami nabaki kuangalia miguu yangu. Mwanzoni mwa muhula huu mwalimu wetu, ambaye wote tunamwita Madamu, alifanyiwa upasuaji wa mgongo akaambiwa alale nyumbani miezi mitatu, ndipo mkuu wa shule akaniita nishike darasa lake la mwisho, wanafunzi kumi na mmoja, hadi siku ya mtihani, na aliyenipendekeza ni Madamu mwenyewe. Nilikubali kwa sababu sijui kumkatalia mtu aliyesimama mbele yangu.

Sasa nikueleze siri yangu. Mtihani ule una sehemu ya mazungumzo, mtahini anatoka nje ya shule, mnakaa wawili mnaongea robo saa. Kwa jinsi nilivyo na haya, niliiogopa sehemu hiyo mno, nikakusanya maswali yote yaliyowahi kuulizwa, nikayaandikia majibu kwenye daftari moja, kurasa arobaini na mbili, familia yangu, Jumamosi yangu, mazingira, nikayakariri hadi nikawa nayasema huku napiga pasi, na bahati ikaniangukia, mtahini akauliza yale yale. Madamu hajui. Anaamini nazungumza. Kusoma nasoma, sarufi naijua, hata gazeti la Kifaransa naelewa, lakini mtu akiniuliza nisichokitarajia mdomo unaganda.

Nilipopewa darasa nikafundisha kwa njia pekee niliyoijua. Nilitoa nakala za daftari lile, kila mmoja akapata yake, tukawa tunakariri ukurasa mmoja kwa siku, nao wakafurahi kwa sababu ni rahisi kujua umemaliza. Mkuu akipita dirishani anasikia darasa zima linatiririsha Kifaransa, naye hajui hata salamu, akawa anawaambia walimu ofisini kwamba huyu binti ni mdogo lakini ana kipaji.

Wiki iliyopita akaja mzazi mmoja kuchukua ripoti ya mtoto wake, dereva wa malori aliyekaa miaka mingi wanakozungumza Kifaransa, na Mkuu kwa fahari yake akamleta darasani awasikie. Dereva akavuta kiti, akamuuliza wa kwanza, kwa Kifaransa cha barabarani lakini kilichochangamka, Jumamosi alifanya nini, akajibiwa kwamba alimsaidia mjomba wake kwenye duka la kushona nguo, kisha akasoma kitabu. Wa pili naye alimsaidia mjomba wake kwenye duka la kushona. Wa tatu vile vile. Shangazi, yule ni mjomba wangu mimi, yumo ukurasa wa saba. Alipofika kwa wa sita dereva akaacha Kifaransa, akasema, "Kumbe mafundi wa nguo wana wasaidizi wote hawa, na bado suruali yangu nazungushwa wiki ya tatu." Darasa likacheka, Mkuu naye akacheka bila kujua kinachochekesha. Kisha dereva akanigeukia mimi, akarudi kwenye Kifaransa, akaniuliza kwa upole kama kazi hii naipenda. Nilielewa kila neno. Nikafungua mdomo ikatoka aya ya mazingira, kwamba kila raia ana wajibu wa kupanda miti, nikaimaliza yote kwa sababu nikishaanza siwezi kuishia katikati. Akaniangalia kama mtu anayemwona mwenzake amefunga vifungo vya shati kombo lakini anaona aibu kumwambia.

Hilo ningeweza kulimeza. Kinachoninyima raha ni msichana mmoja anayekaa karibu na kabati la vitabu, mkimya kama mimi. Siku chache kabla dereva hajaja, alisubiri wenzake watoke, akaja mezani kwangu, akasema, "Dada Mwalimu, mimi nalelewa na kaka yangu. Mjomba sina. Naweza kumsema kaka?" Nami, kwa kuwa kaka hayumo kwenye daftari, na niliogopa ataniomba maneno nisiyokuwa nayo, nikamjibu, "Sema mjomba tu. Mtahini hatakuja kwenu kumtafuta." Akasema sawa. Tangu siku hiyo hajasema neno darasani, na yeye ndiye pekee aliyekuwa akijaribu kusema lake mwenyewe, hata kwa makosa.

Mtihani ni baada ya wiki saba. Nikisema ukweli, Madamu atajua ile alama yangu ilikuwa ya kukariri, Mkuu ataniondoa, na watoto wa watu watabaki bila mwalimu. Nikinyamaza, huenda wakaulizwa yale yale kama mimi, huenda wasiulizwe. Nifanye nini?

Dada Mwalimu

*

Binti yangu, kwanza shusha pumzi. Hukuiba mtihani. Uliandika kurasa arobaini na mbili kwa mkono wako, na wengi wanaojisifu kwa vipaji hawajaandika nne. Hilo litoe moyoni.

Kosa lako liko kwingine, na sitakuficha. Mtoto alikuja na kaka yake, wewe ukamrudisha na mjomba wako. Uliogopa kuonekana hujui, ukamfunga mdomo aliyekuwa na la kusema. Wewe mwenye haya unajua vizuri safari ya kutoka kwenye lile kabati la vitabu hadi meza ya mwalimu ilivyo ndefu, ndiyo maana nakukaripia.

Kabla ya kukujibu nilimpigia simu rafiki yangu aliyefundisha Kifaransa miaka ishirini. Alicheka sana kuhusu huyo mjomba, kisha akasema kwamba wanafunzi wa darasa la mwisho sarufi wanayo na maneno wanayo. Wasichokizoea ni kutafuta neno huku mtu anawasubiri, na hilo halikaririwi. Anza kila kipindi kwa swali ambalo wewe mwenyewe hujui jibu lake. Kwa nini amechelewa, nani anapika kwao, nini kilimkasirisha jana. Akishajibu, mwenzake aulize swali la pili linalotokana na jibu hilo, maana hapo ndipo la kukariri linapokwisha nguvu. Usimkatize mtu katikati ya sentensi kumsahihisha. Andika kosa pembeni, mlirudie mwishoni. Wafundishe kuomba kurudiwa swali, na kulizunguka neno wasilolijua badala ya kunyamaza. Na wao wakuulize wewe pia. Ukikwama, kwama mbele yao, kisha mtafute pamoja. Hawatakudharau. Wataona kwamba kukwama kunapita.

Daftari usilichome, lina maneno mazuri ya kuchota. Ila kila mmoja afute watu wako aandike wa kwao. Na huyo dereva mtafute, umwombe saa moja kila akiwa mjini. Unaona haya kwa sababu alikugundua. Mimi naona ndiye msaada mkubwa mlio nao.

Sasa kuhusu Madamu. Amepasuliwa mgongo, si ulimi. Yuko kitandani siku nzima anaangalia dari, na wewe unatafuta mtu wa kuzungumza naye Kifaransa. Kesho mchana nenda kwake, mwambie yote, halafu mwombe nusu saa kila siku. Anaweza kuumia kidogo kusikia. Mwache aumie, usimkimbie. Mkiwa na mpango mkononi, ndipo umwone Mkuu, bila machozi, umweleze kwamba alichokuwa akikisikia dirishani hakitawafikisha wale watoto, na sasa unabadilisha njia. Akikuondoa, atakuwa amekuondoa ukiwa umesema kweli, na mpango utabaki kwa atakayeshika darasa. Lakini sidhani kama atakuwa na mwingine wa kumweka kwa wiki saba.

Lakini kabla ya Madamu na kabla ya Mkuu, kesho asubuhi kengele ikilia, mwombe yule msichana abaki. Mwambie ulikosea, kwa neno hilo hilo, bila kuzunguka. Kisha muulize kwa Kifaransa kaka yake ni mtu wa namna gani, unyamaze. Anaweza kuchukua dakika nzima. Usimpe neno, usimalizie sentensi yake, na kama kimya kinakuwasha, kalia mikono yako. Akipata sentensi moja, hata iwe imevunjika mahali pawili, muulize swali la pili.